Mama wa Unga Hakupanda Ndege

Ukipita Mbarara, ile barabara ya chini ya soko, uliza duka la unga la Mkongo. Hata mwenye boda aliyeanza kazi jana atakuleta. Maduka ninayo matatu: hilo la Mbarara, moja Kaberebere, na moja Rwekubo pamoja na mashine ya kusaga. Gari ya mizigo ninayo, jina langu limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Shule niliacha darasa la nne kule milimani Kivu ya Kusini, na leo wenye vyeti wanasimama mlangoni kwangu asubuhi wakiomba kazi. Sijisifu. Nasema tu ilivyo.

Lakini sikujifundisha mwenyewe, hata kama nimesema hivyo mara nyingi mbele za watu. Alinifundisha mama mmoja aliyekuwa akiuza unga wa muhogo pale Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, na siku tulipomzika tulikuwa watu kumi na mmoja, mchungaji akiwemo. Wateja wake, ambao wangejaza uwanja, hawakuja. Walijua yuko ng'ambo, nchi ya baridi, anakula kuku. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Nilichukua nafasi yake sokoni, na kwa miaka mitatu kila walipouliza nilijibu kwamba alifika salama, naye alikuwa kambini mle mle, mwendo wa nusu saa kwa boda. Wengi hadi leo wananituma nimsalimie. Naandika ili waache kunituma.

Jina lake sitalitaja. Sokoni tulimwita Mama wa Unga, na mwenyewe aliitika. Alitoka wapi hasa, alizaliwa na nani, alikimbia vita gani kati ya vita vyetu, hayo hakuyazungumza na mimi sikuuliza. Kambini ukianza kumuuliza mtu hayo, naye atakuuliza ya kwako.

Nilimjua kwa sababu ya kopo. Nilikuwa mgeni, nimepata gunia moja la unga, nikaja kukaa karibu naye nikauze. Kopo langu la kupimia nilikuwa nimeligonga kitako kwa nyundo, kikaingia ndani kidogo, kama walivyofanya wengi. Alilichukua, akaligeuza, akalionyesha kwa wanawake waliokuwa wamesimama.

"Hii kopo iko naumwa tumbo?" akauliza.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Walipoondoka akanirudishia, akasema kwa sauti ya chini, "Mutoto wangu, ule mama utamwibia leo. Kesho atapima ku nyumba na kopo yake, na hatasema kitu. Ataacha tu kukuya. Mutu mwenye kugombana na wewe, bado anakupenda. Ogopa mwenye kunyamaza."

Akanipa kopo lake la pili, zima. Kuanzia siku hiyo nikawa mwanafunzi, ingawa hakuna aliyeniandikisha.

Kupima kwake ulikuwa unatamani kutazama. Alijaza kopo mpaka likawa kilima, akapitisha kijiti juu likawa sawa, mteja akiona. Halafu, baada ya kumimina kwenye mfuko, alichota kwa mkono akaongeza. Hicho cha kuongeza kwetu tunaita matabishi, kile cha juu ambacho mteja hakukilipia. Kila Mkongo anajua matabishi. Lakini wengi sokoni walikuwa wanapunguza kwenye kopo, wakisharudisha kile kile walichopunguza wanakiita zawadi. Yeye alikataa kabisa. "Kopo ni haki yake," aliniambia. "Mukono ni ya kwako. Usichanganye."

Na mkono wake haukuwa sawa kwa wote. Nilimpeleleza wiki nzima kabla sijaelewa. Tajiri alipata kidogo. Mama aliyekuja na watoto wawili alipata konzi mbili. Mama aliyekuja peke yake, amefunga kichwa vibaya, macho mekundu, alipata mpaka nikakohoa kumkumbusha kwamba unga unaisha. Nilipomwambia, alinijibu, "Wewe unaona unga. Ule mama ataambia ndugu zake bote kwamba kuna fasi, kuna mahali, bamemuona."

Nafasi yake sokoni ilikuwa kwenye kona, pale njia ya kutoka kisimani inapokutana na njia ya mashine ya kusaga. Hakuipata kwa bahati. Wenyeji walinisimulia kwamba alipofika alikaa wiki nzima juu ya jerikani tupu, hauzi kitu, anatazama miguu ya watu. Wakadhani amerukwa na akili. Alikuwa anahesabu wanawake wenye vikapu. Wanaume hakuwahesabu. "Mwanaume anapita njia fupi," alisema. "Mwanamuke anapita njia yenye iko na habari." Wakati nafungua duka Mbarara nilifanya vile vile, nikakaa siku sita kwenye ngazi za jengo la watu, nikiwa na suti yangu, na mlinzi akiniuliza kila asubuhi, "Ssebo, bwana, wewe nangoja nani?" Niliipata kona nzuri kuliko Wahindi waliokuwa pale kabla yangu. Uliza yeyote.

Kulikuwa na mtu aliyeuza mbele yetu, ng'ambo ya njia. Siku moja unga wake ulikuja na mchanga, wateja wakalalamika, nami nikaona mlango umefunguka. Nikaanza kupiga kelele: njooni huku, huku hamtafuni mawe! Mama wa Unga alinipiga kofi la mkononi mbele ya watu, mimi mwenye ndevu.

"Nyamaza! Ukisema unga ya jirani iko na muchanga, ule mama hatakuya kwako. Ataenda kununua mahindi. Ataogopa unga yote ya muhogo, na sisi bote tutalala njaa."

Halafu akachukua chekecheo lake, lile zuri la waya mwembamba, akavuka njia akamwazima yule mtu. Alirudi akiwa amekasirika, na siku nzima hakunisemesha.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mdomo mchafu kama dereva wa takisi. Mteja akitia kidole kwenye unga akaonja bila kuomba, alimfukuza hata kama amekuja kununua gunia zima. Kanisani alikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili, na mchungaji wao alikataza ugoro, lakini kichupa cha ugoro kilikaa chini ya gunia la mwisho na kila aliyemfahamu alijua. Alitufundisha tule kabla ya kuja sokoni, maana mwuzaji mwenye njaa anatazama mkono wa mteja na mteja anaona, ila mwenyewe alishinda na chai ya rangi tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ukimsifu alikasirika. Usipomsifu alikasirika pia, ila taratibu.

Lugha alizozijua vibaya zilikuwa nyingi. Kisomali alijua salamu na neno la "safi". Kinyankore chake kiliwafanya Wanyankore wacheke mpaka wakashika matumbo, na wakicheka walikuwa wamekwisha kununua. Askari mmoja wa hapo alikuwa akija kila siku ya soko kutania.

"Mama, leta mimi unga ya bure. Mimi nalinda wewe."

"Afande, unanilinda na nani? Mwizi mwenye ninajua ni wewe."

Naye afande alicheka kuliko wote, akalipa, na akapata matabishi makubwa. Mwaka mzima hakuna mtu aliyetusumbua kwenye ile kona.

Mambo haya yote nimeyafundisha. Waliniita kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo pale Mbarara, kwenye ukumbi wenye viti vya kitambaa, nikapewa kipaza sauti. Nilisema juu ya kopo na mkono, juu ya kutazama miguu ya watu, juu ya kutosema vibaya unga wa jirani. Waliandika kwenye madaftari. Dada mmoja akasimama akauliza, "Mzee, haya ulijifunza wapi?" Nikasema maisha ndiyo mwalimu wangu. Wakapiga makofi. Wakati huo alikuwa bado hai.

Sasa niseme kosa lake, maana alilifanya moja, na ni kosa letu sisi watu wa kambi.

Kambini kila mtu anangoja safari. Anangoja jina lake liitwe apelekwe nchi ya mbali akaanze upya. Kwa sababu hiyo hakuna anayejenga. Kibanda cha sokoni ni miti minne na turubai, kwa nini upigie misumari kitu utakachokiacha? Mteja anakuja mara tatu, mara ya nne hakukuti. Yeye alikuwa na neno la kuwatukana watu hao: watu wa tikiti. "Angalia ule," alisema, "anauza sawa mutu mwenye iko na tikiti mu mufuko." Kibanda chake alikijenga kwa mbao za kweli, na bati, na meza aliyoichongesha Rwekubo. Alituambia, "Uza sawa utakufa hapa. Kama safari inakuya, ikukute unauza."

Halafu jina lake likaitwa.

Sijawahi kuona mtu akibadilika hivyo. Alipimwa afya, akaulizwa maswali, akapewa tarehe. Kwa siku mbili aliuza kila kitu: magunia, mizani, lile chekecheo, mpaka sufuria. Kibanda, meza na ile kona alinipa mimi, bure kabisa. Nilimkumbusha maneno yake, kwamba safari imkute anauza. Alinitazama kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

"Mutoto wangu, nimechoka," akasema. "Acha na mimi nikuwe mutu ya tikiti mara moja."

Siku nne za soko alisimama na mimi, akinikabidhi wateja. Hakuna mfanyabiashara niliyemwona akifanya hivyo, kabla wala baada. Alimshika mteja mkono, akaushika wangu, akaiunganisha. "Huyu ni mutoto yangu. Iko muaminifu. Mimi nilimupima, nilimuona. Chenye nilikuwa nakupatia, atakupatia." Akaniambia na habari za kila mmoja: huyu mume wake mgonjwa, huyu ana mimba na anapenda unga mweupe sana, huyu usimwulize mtoto wake wa kwanza. Wengine walilia. Mimi nilikuwa nalia na nahesabu, vyote kwa pamoja.

Basi lilimchukua kwenda kungoja ndege. Wiki ya tatu akarudi.

Nilimwona akishuka kwenye takisi iliyotoka Rwekubo, na ule mfuko mweupe wanaopewa wanaosafiri, amevaa koti la baridi ambalo alilinunua mitumba Mbarara. Jua lilikuwa kali na yeye amevaa koti. Faili yake ilikuwa imesimamishwa, kuna jambo linachunguzwa, aende angoje. Alikuja mpaka kwenye kona. Siku hiyo haikuwa ya soko, tulikuwa peke yetu. Alisimama upande wa mteja. Niliona anatazama meza yake, na niliona anangoja nisogee.

Sikusogea. Nilimpa soda. Nikamfungia unga, nikaongeza mkono mara tatu. Nikasema, "Mama, pumzika kwanza."

Alikunywa soda yote polepole. Akasema, "Ndiyo. Nipumzike."

Kiwanja chake cha zamani kilikuwa kimekwisha kupewa wengine, akapewa kingine upande wa mbali, kuelekea Ngarama. Aliondoka na unga wangu kichwani.

Siku ya soko iliyofuata, mteja wa kwanza kabisa aliniuliza, "Mama alifika?" Mdomo wangu ukajibu, "Alifika." Sikupanga. Ningesema amerudi, wote wangemwendea, maana walikuwa wa kwake, wangu walikuwa wa kuazima. Nikajiambia nitasema wiki ijayo, nikishakaa vizuri. Wiki ijayo nilikuwa nimenunua magunia kumi. Mwezi wa tatu nikaongeza kwamba amepata kazi. Mwaka wa pili nilikuwa nimempa nyumba yenye vyumba vitatu na theluji mlangoni. Watu walipenda kusikia. Walinunua zaidi, nakwambia, walinunua kwa furaha, kwa sababu mmoja wetu alikuwa amefika. Duka la kwanza nililijenga juu ya hilo.

Nilikuwa na hofu atatokea. Hakutokea. Siku za soko hakupita njia ya soko. Kanisa alibadilisha, akaenda kusali kwenye kibanda kidogo cha huko kwake, kisichokuwa na kwaya. Nilimshukuru Mungu, nikadhani amezeeka, amechoka kutembea.

Mwezi mmoja kabla ya kufa kwake nilikwenda kumwona. Sitadanganya kwamba ni moyo tu ulinisukuma. Nilikuwa nimefungua duka la tatu, na mtu akipata sana anataka kuonwa na yule aliyemjua hana kitu. Nilikwenda na gari, na gunia la unga, na maneno niliyoyapanga njiani.

Nilimkuta anageuza muhogo juu ya turubai mbele ya nyumba. Muhogo wa kula mwenyewe, kidogo. Amekonda, mikono imebaki ile ile mikubwa. Aliniletea kigoda, akaizunguka gari, akasoma jina langu ubavuni kwa kidole, herufi moja moja.

"Nyekundu ni muzuri," akasema. "Inaonekana mbali."

Nikamwambia nimekuja kumrudishia kona. Na mbao mpya, na bati jipya, na magunia matano ya kuanzia. Aliendelea kugeuza muhogo.

"Na bakiliya? Utabaambia nini? Ndege ilirudi?"

Wateja wake bado aliwaita bakiliya. Kumbe alijua tangu mwezi wa kwanza. Mama mmoja alimsimulia kisimani huku kwake, bila kujua anamsimulia nani, juu ya Mama wa Unga mwenye bahati aliyefika ng'ambo.

"Kwa nini hukuja kunikana, Mama? Ungekuja siku moja tu."

"Nilibashika mukono, mumoja mumoja. Nilisema uko muaminifu. Nikitokea pale, nani muongo? Wewe peke?" Akapangusa jasho kwa kiwiko. "Nilikuwa na kitu moja tu ya kuuza, papa. Ni ile neno yangu. Sikutaka bajue nilibauzia mubaya."

Kwa hiyo kwa miaka mitatu alizunguka njia ya nyuma, ili mimi nisionekane mwongo. Hakulia wala hakunitukana, yeye mwenye mdomo ule. Ningependa angenitukana.

Mwishowe akasema, "Kama unataka nirudi, sema wewe. Kwa kinywa yako, siku ya soko, bote basikie. Ukisema, mimi nitakuya hata kwa miguu."

"Jumatatu, siku ya soko, nitasema," nikamwambia. "Mama, naapa, Jumatatu."

Akacheka kidogo. Nafikiri alifurahi. Aliniuliza kama yule afande bado anakuja, na yule mama wa unga mweupe sana kama alijifungua salama. Alikuwa amekwisha kuanza kurudi, kichwani mwake alikuwa tayari kwenye meza.

Ndipo tukasikia mtu njiani. Mwanamke na kikapu, alikuwa ameiona gari. Nilimtambua kabla hajafika: mmoja wa wale walioshikwa mkono, mteja wa siku nyingi, amekuja huku kwa ndugu zake. Mama wa Unga naye alimtambua. Aliweka muhogo chini, akaingia ndani ya nyumba, akaurudisha mlango, ule mlango wa mabati wenye matundu ya misumari. Hakunitazama. Aliniachia uwanja.

"Patron! Kumbe uko huku kwetu!" yule mwanamke akaita, akicheka. "Na Mama yetu? Iko namna gani kule?"

Kutoka kwenye kigoda changu mpaka mlangoni ilikuwa hatua nne. Nilikuwa sina haja ya Jumatatu. Nilikuwa na haja ya kunyoosha kidole tu.

"Yuko vizuri," nikasema. "Amenenepa. Anawasalimia sana."

"Mungu asifiwe! Umwambie na sisi tunamukumbuka. Umwambie unga ya siku hizi si sawa ya kwake." Akacheka tena, akanipiga begani, akaenda zake.

Nilikaa. Nilisikia kikapu chake kikilia mpaka alipopita kona. Mlango ukafunguka. Mama wa Unga alitoka, akarudi kwenye turubai, akapiga magoti, akashika kipande kile kile alichokiacha akakigeuza.

"Aksanti kwa kumusalimia," akasema. "Ni kweli, papa. Nilikuwa nataka kumusalimia."